Hakuna Shemasi Bila ya Kituo

Mwenye kupita Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, hulipita kanisa kuu la Waanglikana lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1873, mwaka ule ule lilipofungwa soko la watumwa lililokuwapo mahali pale. Wengi wetu tumelizoea jengo hilo tangu utotoni, na hatujiulizi tena watumishi wake hupatikana vipi, wala wale wa Uingereza, kanisa hilo lilikotoka, huanza kazi yao kwa njia gani. Leo safu hii inalitazama jambo moja tu katika hayo, nalo ni namna mtu anayesomea upadri katika Kanisa la Uingereza anavyotafuta kituo chake cha kwanza. Msomaji atakayeona kwamba haya ni mambo ya watu wengine na avumilie kidogo. Suala la nani ampangie nani mahali pa kuanzia kazi, na kwa kusikilizana kwa kiasi gani, limo katika kila wizara, kila skuli na kila hospitali ya visiwa hivi.

Tuanze na sheria, kwa kuwa huko ndiko kwenye mzizi. Mwaka 451 maaskofu walikutana Kalkedoni, mji ambao hivi leo umemezwa na jiji la Istanbul, wakapitisha kanuni kadhaa. Kanuni ya 6 ilikataza mtu yeyote kuwekewa mikono kuwa padri au shemasi kwa jumla jumla tu. Sharti atajwe kwa kanisa maalumu la mji au la kijiji, au kwa kaburi la shahidi, au kwa nyumba ya watawa. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Katika miji mikubwa ya zama zile walikuwapo watu wenye cheo kitakatifu na wasiokuwa na kazi, wakizunguka kutoka kwa tajiri huyu kwenda kwa tajiri yule, na kila azungukaye hivyo huishia kuwa mpiga domo wa anayemlisha.

Sheria hiyo haikushikwa vyema kila mahali wala kila zama, na kwa hiyo ilibidi itiwe makali. Mwaka 1179, katika Mtaguso wa tatu wa Laterano kule Roma, iliamriwa kwamba askofu atakayempa mtu ushemasi au upadri pasipo kumwekea riziki ya hakika, basi askofu mwenyewe ndiye atakayemlisha mpaka ampatie kanisa litakalomlipa, isipokuwa kama mtu huyo ana mali yake. Nao Waingereza, katika kanuni zao za mwaka 1604, wakakaza zaidi: askofu atakayekataa kumtunza mtu aliyemwekea mikono bila ya kituo atazuiliwa na askofu mkuu wake asitoe daraja kwa muda wa mwaka mzima.

Wakubwa wa ofisi wanaoisoma safu hii nawaomba waitazame adhabu hiyo kwa makini. Haimwangukii mwenye kutafuta kazi. Inamwangukia aliyemfungulia mlango wa kazi akamwacha amesimama kizingitini. Sisi tumekwisha kuwaona vijana waliopewa vyeti kwa sherehe na matarumbeta, kisha wakaambiwa wangojee nyumbani barua, na barua ikachukua miaka. Sijapata kusikia kwamba mtoaji wa vyeti hivyo alisimamishwa kazi hata kwa siku moja.

Hata leo Kanisa la Uingereza halimpi mtu ushemasi mpaka pawe na parokia iliyokubali kumpokea, padri aliyekubali kumlea, na askofu aliyetia saini. Bila ya hayo miaka miwili au mitatu ya masomo hubakia karatasi. Kwa hivyo, ingawa wito wenyewe wanauita wa Mungu, na ingawa mwanafunzi amekwisha kuchunguzwa na kupimwa kabla ya kuingia chuoni, bado umo mlango mmoja wa mwisho ambao ufunguo wake uko mikononi mwa wanaadamu wengine. Huo ndio mlango unaowanyima usingizi.

Wanafunzi hao wako wa aina mbili. Wako wanaohamia chuoni pamoja na ahali zao, katika vyuo kama vile vya Oxford, Cambridge, Durham au Mirfield. Na wako wanaosoma jioni na mwisho wa wiki huku wakiendelea na kazi zao za ualimu, uuguzi, au duka. Wa aina hii ya pili mara nyingi hawatalipwa kitu na kanisa hata baada ya kuwekewa mikono, na hutafutiwa kituo kilicho karibu na kwao. Mashaka makubwa huwapata zaidi wale wa kwanza, kwa sababu wao wamekwisha kung'oa mizizi: nyumba imeachwa, mke au mume ameacha kazi, watoto wamehamishwa skuli, na chuo kinataka funguo za nyumba yake mwisho wa masomo.

Utafutaji huanza mwaka mzima kabla ya siku ya kuwekewa mikono, na pengine zaidi. Kila mwanafunzi ana askofu aliyemdhamini, na dayosisi ya askofu huyo ndiyo yenye haki ya kumsemea kwanza. Ikiwa wana kituo kinachomfaa watamwita. Ikiwa hawana, au wana wanafunzi wengi kuliko vituo, au mwanafunzi ana sababu ya haki ya kwenda kwingine, watamwachilia, na hapo atakuwa huru kutafuta katika dayosisi nyengine yoyote. Kanisa la Uingereza lina dayosisi 42, moja katika hizo ikiwa ya Bara la Ulaya, na nyengine, ndogo sana, ikiwa ni ya Kisiwa cha Man peke yake katika bahari baina ya Uingereza na Ireland. Neno hilo la kuachiliwa, kwa masikio ya mtu asiyelijua, lina harufu ya talaka. Wako wanaolifurahia kama uhuru, na wako wanaoliona kuwa wametupwa na watu wa kwao.

Baada ya hapo ni karatasi. Mwanafunzi hujaza fomu ya kujieleza: alikotoka, alichosoma, namna ya ibada anayoizoea, hali ya jamaa zake, anayoyaweza na asiyoyaweza. Parokia nayo huandika habari zake. Kwa waliowahi kusoma maandishi ya namna hii, parokia zote ni changamfu, zote zina moyo wa upendo, na zote zina nafasi kubwa ya kukua. Paa linalovuja na wazee wasiosemeshana tangu mwaka juzi havitajwi. Mwenye akili hujifunza kusoma yaliyoachwa.

Kisha ni ziara. Mwanafunzi hukaribishwa kwa siku moja au mbili, pamoja na mkewe au mumewe, akaonyeshwa kanisa, akaonyeshwa nyumba, akapewa chai na wazee wa kanisa, akazungumza kwa saa nyingi na padri atakayemlea. Hapa desturi yao ina jambo la kupendeza. Mtu hatakiwi kuzungumza na parokia mbili kwa wakati mmoja. Ataizuru moja, atafikiri, ataomba, atajibu, na ikiwa jibu ni la ndiyo amemaliza, na ikiwa ni la hapana ndipo aende kwa nyengine. Padri naye hatakiwi kuwapanga vijana watatu ukumbini akachagua kama mtu achaguaye papai sokoni. Watu wetu wanalifahamu vizuri jambo hili bila ya kufundishwa, maana ni posa. Na kama ilivyo katika posa, kila upande una haki ya kukataa, na kila upande hukataa kwa maneno laini yenye kuficha sababu.

Ubaya wa mwendo huo ni wakati. Kila posa moja hula majuma, na siku ya kuhama haingoji. Mwanafunzi aliyekataliwa mara mbili au tatu huanza kuwaepuka wenzake chumba cha kulia, kwa sababu kila ashikaye sahani humuuliza kama amepata. Wakubwa wa vyuo husema kila mara kwamba kituo kitapatikana, na kwa kweli kwa walio wengi hupatikana. Lakini neno hilo halimtoshi mtu mwenye watoto anayetakiwa aandikishe skuli katika mji asioujua jina lake.

Sasa, mtu huyu atazame nini? Wazee wenye busara wa kanisa hilo wamekuwa wakisema neno moja, nami nakubaliana nalo kabisa: amtazame mlezi. Kituo cha kwanza hukaliwa miaka mitatu au minne hivi. Si kazi kamili, wala si masomo tena. Ni uanagenzi, kama wa fundi seremala na mwanafunzi wake. Katika mwaka wa kwanza mtu ni shemasi tu: anahubiri, anazika, anabatiza, anazuru wagonjwa, lakini hawezi kuiongoza ibada ya ushirika mtakatifu. Mwaka wa pili, kama hapana pingamizi, hupewa upadri. Muda wote huo yumo chini ya jicho la mtu mmoja, anakula jasho la mtu huyo na kunusa hasira zake. Mlezi aliye mwema atamwachia kijana akosee jambo dogo ili asikosee kubwa. Mlezi mwenye hofu atamfanya mpiga kengele. Na mlezi mwenye wivu, akiona waumini wanamsikiliza shemasi mpya kuliko wanavyomsikiliza yeye, basi nyumba yenye vyumba vitano na bustani haitamfaa kijana kitu. Zipo ndoa za namna hiyo zilizovunjika kabla ya muda wake, na askofu akalazimika kumhamisha mdogo, kwa kuwa daima mdogo ndiye mwepesi kuhamishika.

Kuhusu haki za kazi, hali imetengenezwa. Kisheria padri wa Uingereza kwa kawaida hahesabiwi kuwa mwajiriwa bali mwenye kushika cheo, na kwa muda mrefu padri msaidizi alikuwa na kinga chache sana. Sheria ya kanisa iliyopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika mwaka 2011 ilimpa hati ya maandishi yenye masharti ya kazi yake, siku ya mapumziko ya saa 24 kila wiki, na njia ya kupeleka malalamiko. Anacholipwa hakiitwi mshahara. Ni posho ya kumwezesha kuishi ili afanye kazi, pamoja na nyumba ya bure. Wenyewe hulipenda sana tafauti hiyo ya maneno, ijapokuwa muuza mkate haijui.

Tumefika mahali pagumu. Mlango huu wenye kusikilizana na kuchaguana una uzuri wake, lakini panapochaguana watu hupita pia chuki na mazoea yao, bila ya kupigiwa hodi. Wanawake walianza kupewa ushemasi katika Kanisa la Uingereza mwaka 1987. Tarehe 12 Machi 1994, katika kanisa kuu la Bristol, wanawake 32 walipewa upadri kwa mara ya kwanza, na mwaka 2015 akapatikana askofu wa kwanza mwanamke. Hata hivyo baraza la parokia bado lina ruhusa, kwa azimio, kuomba lisipelekewe padri mwanamke. Kwa hiyo mwanafunzi wa kike, kabla ya kuulizia mengine yote, huulizia kwanza hilo, na sehemu ya ramani humfungikia hata kabla hajafungua kinywa.

Na iko rangi ya mwili. Mwaka 2020 magazeti ya Uingereza yalieleza habari ya mwanafunzi mmoja mweusi, Mmarekani, aliyekuwa akitafuta kituo chake cha kwanza. Aliandikiwa barua ya kukataliwa, ikimweleza kwamba wakaazi wa parokia ile ni wafanya kazi weupe watupu na kwamba huenda yeye asingejisikia vizuri miongoni mwao. Tazama ustadi wa maneno hayo! Mwenye kukataa amejivika nguo za mwenye kuhurumia. Kanisa liliomba radhi. Mwezi wa Februari wa mwaka huo huo Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Justin Welby, alitamka mbele ya Sinodi Kuu kwamba kanisa lake bado lina ubaguzi wa rangi uliojengeka ndani yake. Mwaka 2021 tume ya kanisa ikatoa ripoti yenye mapendekezo mengi, na sehemu yake ilihusu namna ya kuchagua na kuweka watumishi. Ubaguzi wa sheria hupigwa vita kwa sheria. Huu wa barua ya upole ni mgumu zaidi kuushika, kwa sababu kila aliyeuandika atakuapia kwamba alikuwa akimtakia mwenziwe mema.

Mtu anaweza kusema: basi si bora kupangiwa tu? Yako makanisa yanayofanya hivyo. Kwa Wakatoliki padri wa jimbo ni wa askofu wake, naye humpeleka anapoona. Wamethodisti wa Uingereza huwapanga wahudumu wao kwa kamati na kwa mkutano wao mkuu wa mwaka, na mtumishi aliyejiunga amekubali tangu mwanzo kwenda anakopelekwa. Kanisa la Scotland, kwa upande mwengine, limeegemea zaidi kwenye hiari: mteule huhubiri mbele ya ushirika wote, kisha ushirika hupiga kura ya kumtaka au kutomtaka. Waingereza wamesimama katikati, kama kawaida yao. Binafsi naona kupangiwa kunamwokoa mdogo na aibu ya kukataliwa, na kunaiokoa shamba isikose mtumishi kwa kuwa haina umeme. Lakini ofisa anayepanga kwa jedwali tu, asiyejua kwamba mwalimu anayempeleka Micheweni ana mama mgonjwa Makunduchi, hapangi watu. Anajaza visanduku.

Vituo vya kwanza vimefanya watu. Trevor Huddleston, ambaye wenzetu wa Kusini mwa Tanzania wanamkumbuka kama Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 mpaka 1968, alianza kazi mwaka 1936 katika mji wa Swindon, mji wa karakana za reli, mtoto wa Oxford aliyetupwa baina ya mafundi wenye mikono ya mafuta. Miaka michache baadaye alikuwa Sophiatown, Afrika ya Kusini, na siku moja akamvulia kofia mwanamke Mwafrika aliyekuwa akipita njia, jambo ambalo mtoto wa mwanamke huyo hakulisahau. Mtoto huyo alikuwa Desmond Tutu. Na Tutu mwenyewe, alipopewa ushemasi mwaka 1960, kituo chake cha kwanza kilikuwa Benoni. Alikaa na mke na watoto katika banda la gari lililogeuzwa nyumba, akilipwa thuluthi mbili ya wanacholipwa wenzake weupe. Mwingine ni John Sentamu wa Uganda, hakimu aliyeikimbia nchi ya Idi Amin mwaka 1974. Aliwekewa mikono huko Uingereza mwaka 1979, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwahudumia vijana waliowekwa rumande, yeye ambaye Amin alikwisha kumtia kizuizini. Mwaka 2005 akawa Askofu Mkuu wa York.

Lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1864 Sultani Majid bin Said alimkabidhi Askofu Tozer, hapa Unguja, watoto watano wa kiume walionaswa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi. Mwaka 1879 Askofu Steere alimpa ushemasi. Watoto kama hao walisomeshwa Kiungani, nje kidogo ya mji, katika chuo ambacho mwaka 1925 kilihamishiwa Minaki, bara. Hakuna aliyewapa fomu ya kujaza wala aliyewaalika kunywa chai na wazee wa parokia. Walipelekwa.

Cecil Majaliwa alikuwa mmoja wa wanafunzi hao wa Kiungani, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo. Mwaka 1886 alipewa ushemasi na kupelekwa Chitangali, upande wa Newala, karibu na bonde la Ruvuma, kwa watu wa lugha yake ambao alikuwa ametenganishwa nao tangu utotoni. Alikuwa mbali na kila mlezi, na kwa miezi mingi hakuwa na Mzungu wa kumsahihisha wala wa kumshauri. Mwaka 1890 aliitwa Unguja akapewa upadri, akiwa Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kufikia daraja hilo. Safari hii hapakuwa na haja ya kumtafutia kituo. Alirudi Chitangali.